Ni Nani Asiyekuwapo Mkutanoni?

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku hizi katika Wilaya ya Magu, kandokando ya Ziwa Viktoria, mbiu hiyo mara nyingi ni kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikipiki. Hupita asubuhi kati ya majaruba ya mpunga na nyumba mpya za matofali, ikiwaita watu wakusanyike saa nane chini ya mti fulani, au uwanjani pa shule, kwa habari ya ardhi, ya viwanja, au ya nyumba zitakazojengwa. Baadhi yetu huitikia. Walio wengi huendelea na shughuli zao, wakisema moyoni kwamba jambo hilo lina wenyewe.

Hao wenyewe ni akina nani? Hilo ndilo swali tulitakalo kulitafakari juma hili, wasomaji wapendwa, nasi twaomba radhi kwa kuanza na kisa kisichotupa sifa.

Si zamani sana mwandishi wa makala hii alihudhuria mkutano wa namna hiyo katika kitongoji kimoja kilicho kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Palikuwa na habari ya eneo kupimwa, na sehemu yake kujengwa nyumba za vyumba vya kupangisha. Sikwenda kwa ajili ya nyumba hizo. Nilikwenda kwa sababu kiwanja cha kigango chetu chapakana na eneo lile, nami nilitaka kuiona ramani kwa macho yangu. Nikaiona. Mpaka wetu ulikuwa salama; nikaketi kwenye kiti cha mbele nilichopewa kwa heshima, nikiwa nimeridhika kabisa.

Ndipo mama mmoja aliyesimama nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akanyosha mkono. Aliuliza kama vyumba hivyo vitakuwa na maji, na vyoo vitakuwa vingapi kwa watu wangapi. Kabla hajajibiwa, sauti ikatoka katikati ya watu: "Wewe una kiwanja hapa?" Akasema hana, amepanga chumba, na huo ni mwaka wake wa tatu. Watu wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Mama akaushusha mkono wake. Mkutano ukaendelea na habari ya fidia na mipaka mpaka jua lilipoelekea kutua. Nami niliyejua kwamba mama yule ana haki ya kuuliza, nilinyamaza.

Je, ni nani aliyekosa siku ile? Aliyeuliza kuhusu kiwanja hakujua sheria. Waliocheka walicheka kwa mazoea. Mwenyekiti alikuwa na mambo mengi mbele yake na saa chache za kuyamaliza. Lakini yule aliyejua na akanyamaza, huyo hana mahali pa kujificha.

Tusidhani kwamba jambo hili ni dogo, au ni la Magu peke yake. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Wilaya ya Magu kuwa na watu 299,759. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamepita laki nne. Mkoa mzima wa Mwanza, katika miaka hiyohiyo kumi, ulitoka watu 2,772,509 ukafikia 3,699,872. Watu hawa wote hulala mahali fulani. Kisesa, ambayo wengi waijua kwa sababu ya Bujora na makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa huko na Padre David Clement, imo ndani ya Wilaya ya Magu, lakini jiji la Mwanza limekwisha kuifikia kwa nyumba na kwa barabara. Mwalimu, muuguzi, fundi, mwuza dagaa na kijana wa bodaboda hushinda jijini wakitafuta riziki, na jioni hurudi Kisesa kulala.

Wengi wao hawana nyumba. Wamepanga. Mtu wa namna hiyo hudaiwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hajaingiza kitanda chake chumbani. Na dalali aliyemwonyesha mlango naye hutaka kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo zikishatoka mkononi, mpangaji amefungwa. Akikuta choo kimefurika, au kisima kina maji ya chumvi, au mvua za masika zaingia kwa mlango, hawezi kuondoka kwa urahisi, kwa kuwa kodi yake imekwisha kuliwa. Ndiyo maana swali la mama yule lilikuwa na uzito kuliko mengi yaliyosemwa siku ile. Wakati wa kuuliza kuhusu choo ni kabla msingi haujachimbwa. Ukuta ukisimama, swali hilo hugeuka kuwa manung'uniko.

Sasa, sheria yasemaje? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu akaaye kijijini hapo kwa kawaida naye ametimiza umri wa miaka 18. Haimtaji mwenye kiwanja. Haiulizi mtu amekaa miaka mingapi, wala babu yake alizikwa wapi. Na mkutano huo si wa maneno matupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Ardhi ya kijiji ikitakiwa itolewe kwa matumizi mengine, nayo haizidi hekta 250, mkutano huo ndio ukubalio au ukataao. Ikizidi hapo, Waziri ndiye aamuaye, lakini hana budi kwanza kuyatazama mapendekezo ya mkutano. Tena katika uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, wapangaji walipiga kura pamoja na wenye nyumba, na hakuna aliyewauliza hati. Basi mtu aliyefaa kumchagua mwenyekiti, atakosaje kufaa kumwuliza swali?

Wala desturi ya Usukuma haikuwa ngumu kuliko sheria. Mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa mwanangwa, akaonyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima, akawa mtu wa hapo. Jioni alikaribishwa kwenye shikome, moto uliowakusanya banamhala na vijana, akasikiliza na kusikilizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga hawakusema mgeni njoo, lakini usiseme neno.

Sheria iko, na desturi iko; mbona basi viti vya mikutano hii huwa vitupu, na walio na haja kubwa zaidi hawaonekani? Tumezisikia sababu tatu, nasi tutazijibu moja moja.

Ya kwanza ni ile ya mpangaji mwenyewe. Husema, "Mimi ni mpita njia, mwakani nitakuwa nimehama." Ndugu yetu, huenda ni kweli utahama. Lakini chumba ukiachacho ataingia mwingine, na choo kilichokutesa wewe kitamtesa yeye. Uliza kwa ajili yake. Hata msafiri asiyetazamia kuipita tena njia ile huondoa mwiba alioukanyaga, kwa kuwa ajua kwamba nyuma yake waja watu. Isitoshe, wangapi walisema watahama mwakani, na sasa watoto wao wamemaliza shule ya msingi palepale?

Sababu ya pili yasema, "Mambo yamekwisha kuamuliwa juu, twaitwa kupiga makofi tu." Hili hatutalikana upesi, maana wakati mwingine ni kweli. Lakini tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1968, katika andiko lake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika kufikiri na kuamua. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikafika Usukumani. Watu walihamishwa pasipo kuulizwa. Nyumba ziliachwa, na pengine familia zilishushwa mahali pasipokuwa na maji wala kivuli. Baada ya miaka kadhaa wengi walirudi kidogo kidogo kwenye mashamba yao ya zamani. Wazee wa Magu wangali wakikumbuka. Tusiseme kwamba nia ilikuwa mbaya; ilikuwa kuwakusanya watu karibu na shule, zahanati na bomba. Kilichokosekana ni swali kama lile la mama wa Magu, likiulizwa mapema na mtu atakayelala hapo: maji yako wapi?

Upande wa pili, tazameni habari ya Magomeni Kota kule Dar es Salaam. Kaya 644 zilizokuwa zimepanga katika nyumba za umma ziliondolewa, na nyumba zao zikabomolewa. Miaka ikapita, uwanja ukaota majani. Wangeweza kutawanyika, kila mmoja na lake, na leo pasingekuwa na wa kuwakumbuka. Lakini waliendelea kudai pamoja, kwa idadi yao ileile. Mwaka 2016 wakaahidiwa majengo mapya, na Machi 2022 majengo hayo yakafunguliwa. Neno la mtu mmoja mmoja husahaulika. Neno la watu waliokaa pamoja na kuhesabiana ni vigumu kulifuta. Hata pale ambapo jambo limekwisha kuamuliwa, swali lililoulizwa mbele ya watu na kuandikwa katika muhtasari wa mkutano hubaki kuwa shahidi. Swali lisiloulizwa halina shahidi.

Sababu ya tatu ni ya mwenye nyumba, nayo ndiyo tuionayo kuwa nzito kuliko zote. Husema, "Mimi ninapo pangu. Nikienda mkutanoni, naenda kulinda mpaka wangu." Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu. Na kulinda mpaka si kosa. Mtu asiyejali mali yake haaminiki na mali ya mwenziwe. Kosa huanza pale mpaka ukishakuwa salama, nasi tukaona kwamba mkutano umekwisha.

Tuseme wazi kwamba hofu za wenyeji si upuuzi zote. Mwenye nyumba akiuliza maji taka ya vyumba arobaini yatakwenda wapi, hali kisima chake kiko mtelemkoni, anauliza swali la haki. Kipindupindu hakichagui mwenye hati na asiye na hati. Akiuliza kama barabara itaachwa pana ya kupita gari la zimamoto, au kama shule ina madarasa ya kuwapokea watoto watakaokuja, anawasaidia hata wapangaji wenyewe. Maswali hayo yahusu nyumba. Lakini kuna maneno mengine yasemwayo katika mikutano hii, nayo yahusu watu: kwamba wapangaji ni wezi, kwamba huleta wanawake wabaya, kwamba hawana uchungu na mahali. Maneno hayo hayatengenezi mfereji wala hayachimbi choo. Kazi yake ni moja: kumfanya mtu ambaye hajafika aonekane adui kabla hajatia mguu.

Na huyo ambaye hajafika ni nani? Hapa twaziomba familia zote zilisomazo gazeti hili, za Magu, za Bukoba, za Songea, za Moshi, zijiulize kwa utulivu. Ni nyumba gani miongoni mwetu isiyo na mtoto aliyepanga chumba katika mji wa watu? Yupo aliye Dodoma akitafuta kazi, yupo aliye Dar es Salaam akiuza duka la mtu, yupo mwuguzi aliyeajiriwa wilaya ambayo wazazi wake hawajapata kuiona. Tunapompigia simu twamwuliza, "Umepata mahali pazuri? Wenyeji wako ni watu wema?" Twataka huko aliko awepo mzee mmoja atakayesimama mkutanoni na kusema: vijana hawa nao ni watu wetu. Twamwomba mzee huyo tusiyemjua awafanyie wanetu mema ambayo sisi wenyewe, hapa kwetu, hatujawafanyia wana wa watu. Je, hiyo ni haki?

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyataja makao miongoni mwa haki za kila mtu. Na katika barua hiyohiyo aliitaja haki ya kushiriki katika mambo ya umma. Twaona kuwa haki hizi mbili hutembea pamoja. Mtu asiye na makao ya hakika hukosa ujasiri wa kusema, na asiyeweza kusema hupewa makao yoyote yale. Ili aondoke katika mzunguko huo, ni lazima mwingine aanze kwa kumpa nafasi.

Kuna neno moja zaidi juu ya kunyamaza. Twasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini wasomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme wakijua kisa cha Nabothi, ambaye mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Malkia Yezebeli hakutuma wezi usiku. Alituma barua zenye muhuri, mkutano ukaitishwa mchana, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wawili wakasema uongo, na Nabothi akauawa kwa utaratibu uliokamilika. Pale Yezreeli wazee walikuwapo, na neno liliharibika. Hatusomi kwamba alikuwapo mtu aliyesimama kusema hapana. Basi kuwapo peke yake hakutoshi. Aendaye mkutanoni akaketi, akaandika jina lake, akanyamaza juu ya jambo aonalo kuwa si la haki, ameliongezea jambo hilo nguvu ya jina lake. Afadhali angebaki nyumbani. Angalau asingehesabiwa miongoni mwa waliokubali.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa: itisheni mikutano siku ambayo mfanyakazi na mama mwenye genge waweza kufika, na mbiu ipigwe siku kadhaa kabla, isiwe asubuhi ya siku ileile. Ramani ibandikwe mahali pa kusomeka, na aelezaye aeleze kwa lugha ya watu. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kwamba ni ya mahudhurio, isije ikageuka kuwa karatasi ya ridhaa. Muhtasari usomwe mbele ya watu, pamoja na maswali yaliyoulizwa na majina ya waliouliza. Na mwenyekiti atakaposikia mtu akiulizwa kama ana kiwanja, na ajibu yeye mwenyewe, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kiti chake.

Kwenu wapangaji twasema: nendeni. Msiende kwa ugomvi, nendeni na maswali yenu. Maji, vyoo, mfereji, njia, kodi italipwa kwa miezi mingapi: hayo yawahusu ninyi kabla hayajamhusu mtu mwingine. Kwenu wenye nyumba twasema: nendeni nanyi, lindeni mipaka yenu, na mkisha kuilinda msiondoke. Geukeni mtazame nyuma, pale wasimamapo wasio na viti. Kama yupo aliyeinua mkono, hakikisheni anasikilizwa. Kama hakuna aliyesimama pale, basi ulizeni kwa niaba yake swali ambalo mngependa mwanenu aulizwe kule alikopanga.

Nyumba zile za kitongojini zitajengwa. Zatakiwa sana, wala hatuzipingi. Lakini vyoo vyake vitakuwa jinsi vitakavyokuwa, kwa sababu swali la mama yule halikujibiwa, wala halikuandikwa mahali popote. Nimelifikiri mara nyingi jambo lile. Sikutakiwa kutoa hotuba, wala kugombana na mtu. Yalitakiwa maneno manne tu kutoka kwa mtu aliyeketi mbele: mama huyu ni mkazi. Mkutano ujao wa eneo lile ukiitishwa, nitakwenda. Na safari hii sitauliza habari za mpaka wa kigango mpaka yeye awe amekwisha kujibiwa.